Kuogelea, Baiskeli na Mbio: Ni Kipi Huamua Ushindi?

Tarehe 15 Septemba 2025, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Mkoa wa Singida, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ushindi huo unazusha swali la kisayansi: je, miguu hodari pekee ingetosha kumpatia mtu ushindi katika triathloni, yaani shindano la kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia mfululizo? Ili kulijibu, yatupasa kuchunguza mchango wa kila sehemu.

Katika Olimpiki, ambako shindano hili liliingizwa mwaka 2000, mwanamichezo huogelea mita 1,500, huendesha baiskeli kilomita 40, kisha hukimbia kilomita 10. Mwaka 2021 Kristian Blummenfelt wa Norwe alishinda kwa saa 1, dakika 45 na sekunde 4. Kuogelea kulimchukua takriban dakika 18, baiskeli dakika 56, na mbio dakika 29 na sekunde 34. Baiskeli pekee, basi, ilimeza zaidi ya nusu ya muda wote.

Tuanze na maji. Kwa ujazo ule ule, maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800. Hivyo nguvu nyingi ya mwogeleaji hupotea katika kuyasukuma kando. Mwenye ustadi huulaza mwili sambamba na uso wa maji, na ukinzani hupungua. Asiye na ustadi huzamisha miguu, akachoka bure. Maji ya chumvi, kama yale ya Ziwa Singidani, huuinua mwili zaidi kuliko maji yasiyo na chumvi, lakini hayawezi kushika nafasi ya ustadi.

Katika baiskeli, adui mkuu ni hewa. Kasi ikiongezeka maradufu, ukinzani wa hewa huwa mara nne, na nguvu inayotakiwa kuushinda huwa mara nane. Ndiyo maana washindani wa Olimpiki huendesha kwa makundi, walio nyuma wakijikinga na upepo kwa migongo ya walio mbele. Aliyechelewa majini hulikosa kundi, akapambana na upepo peke yake. Na upepo ni kitu ambacho wakazi wa Singida hawahitaji kuelezwa.

Hatimaye huja mbio. Mkimbiaji huzianza akiwa na mapaja yaliyochoka, akiba ya wanga katika misuli imepungua, na maji mengi yametoka kwa jasho. Hapo ndipo walio katika kundi moja hutengana na mshindi hujulikana.

Sasa tupige hesabu. Chukua kijana anayeogelea mita 1,500 kwa dakika 28, yaani dakika 10 nyuma ya Blummenfelt. Hata kama angekimbia kwa dakika 26 na sekunde 11, rekodi ya dunia ya mita 10,000 aliyoiweka Joshua Cheptegei wa Uganda mwaka 2020, angefidia dakika 3 na sekunde 23 tu.

Jibu letu, basi, ni hili: mbio huamua mshindi, lakini maji huamua nani atakuwemo katika kinyang'anyiro. Mwalimu wa michezo aliyejaliwa wakimbiaji hodari, na atakaye kuwaandaa kwa triathloni, hana budi kuwafundisha kuogelea tangu utotoni, mahali salama na chini ya uangalizi.