Bakuli Moja la Urojo, Wawili Mezani

Tuambiane ukweli. Ni wangapi kati yetu tumekwenda Zanzibar, tukalala hotelini siku tatu, tukapiga picha ufukweni, kisha tukarudi Dar tukijisifu kwamba Zanzibar tunaijua?

Mimi na mume wangu tulikuwa hivyo hivyo. Tulivuka na boti kwenda kusherehekea miaka mitatu ya ndoa, lakini kusema kweli mambo nyumbani hayakuwa mazuri. Wote tunafanya kazi za ofisini, tunarudi usiku tumechoka, kila mtu na simu yake. Maongezi yetu yalibaki ya Luku na kodi ya nyumba tu. Usiku wa kwanza tulikaa kwenye mgahawa wa hoteli, mishumaa mezani, tukala tambi kimya kimya kama wageni wawili.

Asubuhi mwenzangu akasema, "Mke wangu, hapa tunapoteza hela. Twende tukale wanakokula watu."

Mji una saa zake

Tulianzia Darajani, kwenye soko lililofunguliwa mwaka 1904. Pembeni ya samaki na viungo, watu walikuwa wanapata supu na chapati kabla ya kwenda kazini. Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba Mji Mkongwe hauli ovyo, kila saa ina chakula chake.

Alasiri tukaingia vichochoroni hadi Jaws Corner. Wazee wamekaa barazani, dele la kahawa liko juu ya makaa, vikombe vidogo vinazunguka. Kahawa ni chungu, bila sukari, utamu unaupata kwenye kashata. Hapo mtu hanywi akaondoka. Anakaa, anabishana siasa na mpira. Tukapishwa nafasi barazani, na bila kujua tukakaa karibu saa nzima hatujagusa simu.

Siri ndani ya bakuli

Jioni tukamkuta bibi mmoja anauza urojo nje ya nyumba yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu, karibuni. Pilipili mnatia?"

Mimi nikasema nyingi. Mume wangu akasema, "Mimi usinitilie, na ndimu kidogo tu." Nikamshangaa! Nyumbani napika na pilipili kila siku na anakula.

"Basi nawatilia bakuli moja," bibi akasema, "pilipili ikae pembeni, kila mtu achovye kadiri yake."

Kama hujawahi kula urojo, ni mchuzi mzito wa njano, una uchachu wa embe bichi, na ndani yake kuna viazi, bajia, kachori na chipsi za muhogo, juu yake chatini ya nazi. Bajia na kachori zina asili ya India. Muhogo ulivuka bahari kutoka Amerika ya Kusini. Nazi ni ya pwani yetu. Historia yote ya bandari hii, unainywa na kijiko!

Tukiwa katikati ya bakuli nikamuuliza, tangu lini huli pilipili? Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia ana vidonda vya tumbo tangu mwaka jana. "Nilikuona una mambo mengi ya kazi, sikutaka kukuongezea." Yaani mwaka mzima mtu anaumia mezani kwangu, nami sijui! Nililia pale pale, na sikuweza kusingizia pilipili.

Forodhani usiku

Usiku tukashuka bustani ya Forodhani, iliyofanyiwa ukarabati na kufunguliwa upya mwaka 2009. Taa zinawaka, moshi wa mishikaki unapanda, vijana wanaruka baharini huku watu wanashangilia. Tukanywa juisi ya miwa yenye tangawizi, tukala Zanzibar pizza, ambayo kwa kweli si pizza kabisa: ni unga uliotandazwa mwembamba, ukafungwa na nyama ya kusaga, yai na kitunguu, kisha ukakaangwa. Tuliongea mpaka wauzaji wakaanza kuzima majiko.

Mkienda nanyi

- Ulizeni bei kabla ya kula, hasa samaki na pweza, na bebeni chenji.
- Fuateni foleni ya wenyeji. Penye wengi chakula hakilali.
- Vaeni kwa heshima. Mwezi wa Ramadhani msile hadharani mchana; subirini futari, ndipo mji unapochangamka.
- Agizeni sahani moja, mle wawili.

Siku hizi nyumbani pilipili inakaa kwenye kibakuli chake, pembeni. Na kila Ijumaa jioni tunatoka kwenda kula mtaani, simu tumeziacha nyumbani. Kama hamjaongea siku nyingi, mwambie mwenzako leo: twende tukale.