Kupima Mawazo Kabla ya Kujenga: Somo la Uhandisi Shuleni

Tangu mwaka 2024 baadhi ya shule za sekondari nchini hufundisha mkondo wa amali, ambamo mwanafunzi hujifunza kubuni na kutengeneza. Kupata mawazo mengi si vigumu. Ugumu ni kuchagua moja kwa sababu zinazoelezeka, badala ya kufuata mwenye sauti kubwa. Mhandisi Mwingereza Stuart Pugh alieneza njia ya kulinganisha mawazo kwa jedwali la vigezo. Ubao na chaki vyatosha kuifundisha.

Mfano ni maji ya kunywa kwa shule iliyoko Kerende. Wanafunzi wameleta mawazo matatu: tangi la maji ya mvua, kisima cha pampu ya mkono, na chujio la mchanga kwa maji ya mto.

Kwanza huwekwa sharti la lazima: maji yawe salama. Chujio la mchanga hupunguza tope na vijidudu, lakini si la kutegemewa kuondoa metali zilizoyeyuka. Vipimo vya maabara vikionesha metali hizo, chujio hilo peke yake huondolewa, hata likiwa rahisi kuliko yote. Kisima nacho hupimwa vivyo hivyo. Dkt. Askwar Hilonga wa Arusha, aliyepata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi mwaka 2015, alibuni chujio linalorekebishwa kulingana na uchafu wa kila mahali.

Pili, vigezo hupewa uzito kabla ya alama kutolewa. Tuseme matengenezo yamepewa 3, upatikanaji wa maji kiangazi 3, na gharama 2. Tangi likipata alama 4, 2 na 4, jumla yake ni 26. Kisima kikipata 2, 5 na 2, jumla ni 25.

Tofauti ya alama moja haitoshi kuamua. Uzito wa kiangazi ukiwa 4, kisima hufikia 30 na tangi 28. Mshindi amebadilika, ingawa hakuna kilichojengwa upya.

Hapo ndipo mzazi anapohitajika. Anayeteka maji kiangazi na anayechangia kutengeneza pampu ndio wanaojua uzito halisi. Mwanafunzi aliyewauliza kwanza huchagua kitakachodumu. Asiyeuliza hujumlisha vizuri, kisha hujenga kisichotumika.