Merkure: kifo ambacho hakuna mutu anahesabu

Tarehe 11 Septemba 2020, mvua kubwa ilinyesha Kamituga, katika teritware ya Mwenga, Kivu ya Kusini. Maji yaliingia ndani ya mashimo ya dhahabu, na habari zikasema watu 50 hivi ao zaidi wamekufa. Nchi yote ilisikia. Sisi wa sendika ya wachimbaji tunakumbuka siku ile. Lakini leo tunataka kuongea juu ya kifo kingine, kile hakina kelele. Hakiangushi mulima. Kinaanza jioni, juu ya mbabula, pembeni ya sufuria ya sombe.

Ni zebaki, ile kwenye machimbo tunaita merkure.

Kwa wale hawajafika kwenye machimbo, kazi iko hivi. Mawe yakitoka ndani ya shimo, wamama tunaowaita mama twangaise wanayatwanga mpaka yanakuwa unga. Unga unasafishwa na maji, unabaki muchanga muzito wenye chembe za dhahabu. Hapo wanamwanga merkure na kusugua na mikono mitupu. Merkure inakamata dhahabu, inafanya donge. Wanalikamua ndani ya kitambaa, halafu wanaliweka juu ya makaa. Karibu nusu ya donge lile ni merkure. Ikipata moto inakimbia kwa hewa, dhahabu inabaki. Mutoto iko anaangalia, mama iko anapika, wote wako wanapumua.

Wengi wanafikiri hatari iko kwa mikono tu. Kugusa si vizuri, lakini kupumua ndiko kunaua zaidi. Mvuke wa merkure hauna rangi wala harufu. Ukiuvuta, karibu sehemu 8 kati ya 10 zinabaki mwilini. Unapita kwa damu, unafika kwenye ubongo na kwenye figo. Mikono inaanza kutetemeka, usingizi unapotea, mutu anasahau, anakasirika bila sababu, ufizi unavimba. Kwa mwenye mimba, sumu inapita mpaka kwa mutoto aliye tumboni.

Tuko na wenzetu ambao leo hawawezi kuinua kikombe cha chai bila kumwanga. Watu wanasema ni pombe, ni uchovu, ao wamerogwa. Sisi hatuwezi kusema kila mumoja ni merkure, juu hakuna aliyewapima. Na kipimo kiko: mkojo wa mutu unaweza kuonyesha kama merkure iko mwilini. Ndiyo maana tunasema kifo hiki hakihesabiwi. Haiko kwamba hakiko, hakuna anayekitafuta.

Tena merkure haibaki kwenye machimbo. Ile inamwangika inaingia kwa mito. Ndani ya matope vijidudu vinaigeuza kuwa sumu kali zaidi, inaingia kwa samaki wadogo, halafu kwa wakubwa wanaowala. Kupika samaki hakuitoi. Elila na Ulindi zinashuka mpaka Lualaba, na kando ya mito ile wako watu wasiojua hata shimo moja la dhahabu.

Wajapani walijifunza hii kwa machozi. Kule Minamata kiwanda kilimwanga merkure ndani ya bahari, na mwaka 1956 ugonjwa ukatangazwa. Waliougua wengi hawakuwa wafanyakazi wa kiwanda, walikuwa jamaa za wavuvi. Mkataba wa mataifa juu ya merkure uliokubaliwa mwaka 2013 na kuanza kazi tarehe 16 Agosti 2017 unaitwa kwa jina la mji ule. Unataja mambo 4 ya kuacha kwenye dhahabu: kutia merkure ndani ya unga wote wa mawe, kuchoma donge wazi, kuchoma karibu na makao ya watu, na kumwanga sianidi juu ya muchanga ambao merkure ilishapita.

Juu ya nini basi tunaendelea? Sisi hatuko wajinga. Merkure ni ya haraka: jioni ile ile muchimbaji anaona dhahabu yake, analipa deni la chakula, analipa fungu la PDG wa shimo. Kutuma polisi peke yake hakutasaidia. Mutu atachoma usiku, mulango umefungwa, watoto wamelala ndani. Hapo sumu inazidi.

Tunaomba mambo ambayo yanawezekana. Kwanza, kila machimbo yawe na fasi moja ya kuchomea, mbali na nyumba, na wamama wenye mimba na watoto wasifike pale. Pili, tutumie retorti, ni chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba. Mvuke unapita kwa bomba, unapoa, merkure inarudi maji maji na inatumika tena. Hata mfuko unapona.

Wachimbaji wengine wanakataa retorti juu dhahabu haionekani wakati inachomwa, wanaogopa kuibiwa. Woga ule uko na haki. Tulishaibiwa mara nyingi kwenye mizani. Basi chombo kifungwe mbele ya wenye mali wote, na kifunguliwe mbele yao.

Tatu, tujifunze kusafisha vizuri zaidi. Kule Benguet, Ufilipino, wachimbaji wanayeyusha dhahabu na boraksi bila merkure. Haifai kwa kila aina ya mawe, lakini inafaa kujaribiwa.

Na gharama isiwe ya muchimbaji peke yake. PDG anunue retorti. Négociant naye, anayechoma tena dhahabu ndani ya butike yake katikati ya mji, ajue kwamba jirani zake wanavuta mvuke ule. Nyumba za afya karibu na machimbo ziombe kipimo cha mkojo.

Hayo yatachukua muda. Lakini kuna jambo moja halingoji Leta wala pesa: leo jioni, donge lisichomwe kwenye mbabula ya kupikia. Mulitoe nje, mbali, na watoto wabaki nyumbani.