Fomu za Serikali na Programu Huru za Kuzisoma

Fomu za kujiunga na kidato cha tano hutolewa na TAMISEMI kwenye tovuti, katika muundo wa PDF. Mzazi wa Bukundi asidhani lazima azifungue kwa Adobe Reader. Adobe ilibuni PDF mwaka 1993, lakini tangu 2008 ni kiwango cha kimataifa. Okular, Evince na SumatraPDF huzisoma vilevile, nazo ni programu huru: tukimnakilia jirani kwenye flashi hatujala haki ya mtu. Adobe Reader ni ya bure, ila kuigawa kwahitaji idhini ya kampuni. Ulaya, mwaka 2010, shirika la Free Software Foundation Europe lilianza kuziandikia ofisi za serikali zilizoitangaza programu hiyo peke yake. Nyingi zikayaondoa matangazo. Tunaomba tovuti zetu nazo zitaje programu huru.