Meza ya Simu Kwenye Duka la Fundi Redio

Desemba 31, 2012, Dar es Salaam ilipozima mitambo ya televisheni ya analojia, mafundi wengi wa redio na TV walianza kuona kazi ikibadilika mikononi mwao. TV za chogo zikapungua mezani. Vikaja ving'amuzi, kisha TV bapa, ambazo mara nyingi tatizo lake ni taa za nyuma ya kioo au bodi nzima ya kubadilishwa. Leo katika miji kama Morogoro, Tabora au Kisumu, mtu anayesukuma mlango wa duka la aina hiyo huwa na simu mkononi: "Fundi, hii haiingizi chaji, hebu niangalizie." Fundi humwelekeza kibanda cha jirani, na fedha inaondoka na mteja.

Je, aongeze meza ya simu? Jibu la makala haya ni ndiyo, tena bila kuchelewa. Lakini wengi wanaoanza hutumia fedha yao ya kwanza vibaya. Hununua mashine ya kubadilishia vioo kabla hawajajua kupima bodi, na huajiri kijana mwenye mkono mwepesi kabla hawajaweka daftari la mapokezi. Meza ya simu hufa kwa mambo hayo mawili: kufungua simu bila kujua ugonjwa ulipo, na kupokea simu ya mtu bila utaratibu.

Fundi redio haanzi mikono mitupu. Anajua shoti ni nini, anajua kusoma mita, anajua umeme unaingia wapi na unatokea wapi. Tena anahamia mahali penye hatari ndogo ya kupigwa na umeme: kapasita kubwa ya TV inayotumia umeme wa volti 230 huweza kushika zaidi ya volti 300, wakati betri ya simu iliyojaa haifiki volti 5. Kinachobadilika ni ukubwa wa vitu. Baadhi ya kapasita kwenye bodi ya simu zina urefu wa milimita 0.6 na upana wa milimita 0.3. Jicho tupu haliwezi kuona kama moja imepasuka, na pasi ya kuchomea ya wati 60 isiyopimwa joto, ile iliyozoeleka kwenye redio, itang'oa njia za shaba kabla risasi haijayeyuka vizuri.

Kuhusu risasi yenyewe kuna jambo la kujua mapema. Tangu Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulizuia madini ya risasi kwenye vifaa vingi vya kielektroniki, na viwanda vya dunia vikafuata. Waya wa kuchomea aliouzoea fundi redio, wenye bati asilimia 63 na risasi asilimia 37, huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Ule uliotumika kiwandani kuunganisha bodi nyingi za simu huyeyuka karibu na nyuzi 217. Ndiyo maana wazoefu huchanganya kwanza risasi kidogo ya kawaida kwenye kiungo wanachotaka kukitoa, ili kiyeyuke mapema na bodi isiungue. Pasi yenye kidhibiti joto, hadubini ya mezani na blowa nzuri vinatangulia mashine zote za kuvutia zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi.

Chombo muhimu kuliko vyote, hata hivyo, ni pawasapulai ya mezani inayoonyesha volti na ampea. Hapa ndipo fundi mwenye elimu ya umeme humwacha mbali yule aliyejifunza kwa kubahatisha. Simu haiwaki, fundi anatoa betri, anaweka pawasapulai kwenye volti 4, kisha anaunganisha mahali pa betri bila kubonyeza kitufe. Sindano ikikaa sifuri au karibu na sifuri, njia kuu ya umeme ni salama. Ikiruka papo hapo, kuna shoti kabla simu haijaamriwa kuwaka, na hapo hakuna sababu ya kumuuzia mteja betri mpya. Sasa abonyeze kitufe. Simu nzima huvuta umeme kwa kupanda na kushuka, ikifika mamia ya miliampea huku ikiamka. Inayovuta miliampea chache ikagandia hapo hapo imekwama njiani, iwe ni aisi ya umeme, prosesa au programu iliyoharibika. Na ile inayovuta vizuri kabisa huku kioo kikiwa cheusi huenda imewaka zamani. Mgonjwa ni kioo, au fleksi iliyochomoka simu ilipoanguka.

Shoti nayo haitafutwi kwa kung'oa sehemu moja moja. Fundi hupeleka umeme mdogo kwenye njia hiyo na kuangalia kitu gani kinapata joto. Wenye kamera ya joto huona mara moja. Wasio nayo hupuliza moshi wa rozini juu ya bodi, na mahali pa shoti panayeyuka pakang'aa. Mara nyingi mkosaji ni kapasita moja ndogo.

Hata hivyo kazi za bodi si za kuanzia. Mkate wa meza changa ni chaji, betri na kioo.

Kwenye chaji, kazi ya kwanza ni kutoifungua simu. Vumbi la mfukoni hujikusanya ndani ya tundu hadi waya hauingii mpaka mwisho, na kijiti chembamba cha plastiki chini ya hadubini humaliza tatizo kwa dakika chache. Kipimo kidogo cha USB kikichomekwa katikati kitaonyesha kama simu inavuta ampea au la, na kama kosa ni la waya. Tundu likiwa limekufa kweli, simu nyingi za Tecno, Infinix, itel na zile za Samsung za mfululizo wa A zina bodi ndogo ya chaji upande wa chini, inayochomolewa na kuchomekwa nyingine bila kuchoma chochote. Kumtoza mtu bei ya bodi mpya ya chaji kwa vumbi lililofutwa ni wizi, na duka dogo la mtaani halidumu nao kwa sababu wateja wake wanafahamiana.

Kioo ndicho chenye fedha na ndicho chenye ugomvi. Mteja anayeona wino umemwagika anataka kujua bei tu, kumbe chini ya neno "kioo" kuna bidhaa tofauti kabisa. Simu iliyotoka kiwandani na kioo cha AMOLED inaweza kufungwa kopi ya LCD yenye bei nafuu. Itawaka, itaguswa, picha itaonekana. Lakini kama alama ya kidole ilikuwa ikisomwa chini ya kioo, itakufa siku hiyo, kwa kuwa mwanga wa kihisi haupenyi taa za nyuma za LCD. Kopi nyingine ni nene zaidi, hivyo fremu haikai sawasawa, na nyingine hula betri kuliko ya awali. Kwenye iPhone, kuanzia iPhone 11 ya mwaka 2019, kioo kisichotambuliwa na kampuni huleta ujumbe wa onyo kwenye mipangilio. Yote haya yasemwe kabla ya fedha kutoka mfukoni, na aina iliyochaguliwa iandikwe kwenye risiti. Vilevile kioo kipya kipimwe kabla ya kupakwa gundi: kichomekwe, kiguswe kila kona. Kwenye Samsung nyingi, kupiga *#0*# hufungua ukurasa wa majaribio ya rangi na mguso. Ile simu iliyotangazwa kuwa haiingii maji nayo imepoteza sehemu ya kinga hiyo mara tu ilipofunguliwa, na mwenye simu anastahili kuambiwa.

Maji yenyewe yana somo lake, hasa Pwani. Maji ya bahari ni mabaya kuliko ya bomba kwa sababu chumvi hupitisha umeme na kuharakisha kutu. Kuizika simu kwenye mchele hakuondoi chumvi. Kinachookoa ni kukata betri haraka, kutoa bodi, kuisugua kwa brashi laini na alkoholi ya asilimia 99, kisha kuikausha na kuipima kwa pawasapulai. Duka la Zanzibar, Tanga au Mombasa litapata kazi hizi kila mara, na ni vyema lisitoe garantii juu yake.

Betri inahitaji heshima ya aina yake. Betri ya lithiamu iliyovimba isichokonolewe kwa bisibisi ya chuma. Ikitobolewa inaweza kuwaka moto ambao hauzimiki kirahisi. Simu ishushwe chaji kwanza, gundi ilainishwe kwa alkoholi, betri itolewe kwa plastiki, na ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu na meza. Zilizotolewa zisitupwe jalalani wala kuachwa kwenye droo pamoja na misumari. Nairobi kuna WEEE Centre inayopokea taka za kielektroniki; kwenye miji isiyo na kituo kama hicho, debe la chuma lenye mchanga, mbali na jua, ndiyo hifadhi ya muda.

Sasa daftari. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, simu imekuwa pochi. Anayeipokea anapokea fedha za mtu, picha za familia yake na siri zake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, waliwahi kupeleka kompyuta kwenye maduka ya matengenezo zikiwa zimewekewa programu ya kurekodi yanayofanyika, wakakuta mafundi wa maduka 6 walifungua taarifa binafsi za mwenye kompyuta, na maduka 2 yalizinakili. Hakuna sababu ya kudhani simu ziko salama zaidi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina ya 2019, na fundi mdogo hayuko nje ya sheria hizo. Utaratibu wenyewe si mgumu. Mteja aondoke na laini yake na memori kadi. Asitaje namba ya siri ya huduma za fedha kwa sababu yoyote. Kama simu ni Samsung mpya, awashe hali ya matengenezo ambayo kampuni hiyo ilianza kuileta mwaka 2022. Inaficha picha, ujumbe na akaunti huku fundi akiendelea kupima. Kisha majaribio yafanyike mbele ya macho ya mteja: kamera, spika, maiki, mtandao, mguso. Daftari liandike ilivyoingia, ili ikitoka asije mtu kusema kamera ilikuwa nzima.

Daftari hilo pia libebe IMEI, zile tarakimu 15 zinazoonekana kwa kupiga *#06#. Watanzania wanaukumbuka usiku wa Juni 16, 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia. Kenya ilitangulia mwishoni mwa Septemba 2012. Nchi zote mbili zimefanya kubadilisha IMEI kuwa kosa la jinai. Mteja atakayekuja na ombi hilo ataahidi malipo mazuri, na jibu ni moja. Hali kadhalika simu iliyofungwa na akaunti ya Google au iCloud: asiye na ushahidi wa umiliki arudi nayo. Na simu za mkopo, ambazo hujifunga mtu asipolipa rejesho, si za kufunguliwa mezani kwa fundi. Mwenye deni aende kwa aliyemkopesha. Meza inayokataa kazi hizi tatu itapoteza wateja fulani katika mwezi wa kwanza, na itakuwa imejiepusha na polisi.

Kifedha, kinachoua duka ni spea zilizolala. Simu zina mamia ya modeli na kioo cha moja hakiingii kwenye nyingine, tofauti na risista au transista iliyotumika kwenye kila redio. Kwa miezi ya mwanzo fundi aandike modeli zinazoingia, kisha aweke akiba ya zile chache zinazojirudia: bodi za chaji, betri, vioo viwili vitatu. Vingine viagizwe kwa basi kutoka Kariakoo baada ya mteja kulipa kianzio cha spea. Kuangalia tatizo kuwe na bei yake ndogo, hata simu isipopona, maana kupima kwa pawasapulai ni kazi. Garantii ya kioo iguse hitilafu za mguso na picha, si kupasuka, na risiti itaje muda ambao simu isiyofuatwa itahifadhiwa.

Kwa upande wa elimu, nchini Tanzania VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hutoa mafunzo ya ufundi wa vifaa vya kielektroniki, na kituo chake cha TEHAMA cha Kipawa kipo Dar es Salaam. Ina pia mpango wa kurasimisha ujuzi kwa waliojifunza kazini, ambao fundi redio wa miaka mingi anaweza kuutumia kupata cheti. TCRA nayo hutoa leseni ya usimikaji na matengenezo ya vifaa vya mawasiliano, jambo linalofaa kuulizwa ofisi ya kanda kabla ya kubandika bango.

Bodi zitakazomshinda, na zipo, asizichome kwa kujaribu. Apatane mapema na fundi wa bodi wa mjini: anayepokea simu aitambue hitilafu kadiri awezavyo na kumwandikia vipimo vyake, mwenzake atengeneze, na malipo yagawanywe kwa makubaliano yaliyoandikwa. Bodi iliyofika na karatasi inayosema njia kuu ina shoti, na pawasapulai ilisoma kiasi gani, hupona haraka kuliko iliyofika na maneno "haiwaki" tu. Na kwa kuwa karatasi hiyo hurudi pamoja na simu ikiwa na jibu la kilichobadilishwa, fundi wa mkoani huanza kuona ni hitilafu zipi anaweza kuzimaliza mwenyewe mwaka unaofuata.