Baiskeli ya milimani: shokapu mbele tu inatosha

Nikipita mashambani huku Wambaa naulizwa sana: Bwana Shamba, kwa pesa kidogo ninunue baiskeli gani ya milimani? Jibu langu ni hili: chukua yenye shokapu mbele, nyuma fremu ngumu.

Kwa nini? Pemba ni vilima na mabonde. Shokapu ya nyuma ya bei rahisi hunesa unapopanda, nguvu zinapotea bure. Viungo vyake huingia tope vikalegea. Tena keria haikai sawasawa, na bila keria tenga la nyanya utalifunga wapi?

Ya mtumba ina nafuu, ila kagua kwanza:

1. Fremu. Tazama maungio, hasa chini ya usukani. Ukiona ufa, iache. Ya chuma huchomeka kirahisi. Ya alumini si kila fundi anaiweza.
2. Shokapu. Kamata breki ya mbele, kandamiza usukani. Ishuke na ipande yenyewe, bila kugonga wala kuvuja mafuta.
3. Magurudumu. Nyanyua, zungusha. Rimu ikiyumba, shika spoki moja moja.
4. Breki. Za waya hutengenezeka hapa hapa. Za mafuta zinataka vifaa maalumu.
5. Kimo. Ipanue miguu, nyayo chini: ibaki nafasi ya sentimita 5 hivi juu ya bomba.

Wingi wa gia usikudanganye. Bakisha pesa ya tairi za meno, tyubu na cheni. Masika ya Machi mpaka Mei, ukishuka kilima chenye utelezi na mzigo nyuma, breki na tairi ndizo zitakazokufikisha sokoni salama.