Je, Wajua? Safari Ndefu ya Kura ya Mmarekani

Je, wajua kwamba Wamarekani hupiga kura Jumanne kwa sababu ya farasi? Siku hiyo iliwekwa na sheria ya mwaka 1845: Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba. Wapiga kura wengi walikuwa wakulima, na kituo kilikuwa makao makuu ya kaunti, pengine mwendo wa siku nzima kwa gari la farasi. Jumapili watu wako kanisani, Jumatano sehemu nyingi ni siku ya soko, ikabaki Jumanne. Novemba nayo ilifaa kwa kuwa mavuno yamekwisha na theluji haijafunga njia. Farasi wamekwisha barabarani, sheria ingali palepale. Na kwa kuwa siku hiyo si sikukuu ya taifa, muuza duka na mfanyakazi wa kiwandani huwahi foleni alfajiri kabla ya zamu au huikimbilia jioni, ingawa majimbo mengi sasa huruhusu kura ya mapema au ya posta.

Je, wajua kwamba hakuna tume ya taifa inayotangaza mshindi wa urais? Msomaji wa Nairobi au Dodoma aliyezoea kukodolea macho runinga akimsubiri mwenyekiti wa tume ataona ajabu. Kila jimbo huendesha uchaguzi wake kupitia kaunti na miji, na kanuni za Alabama si za Oregon. Usiku wa matokeo, jina la mshindi husikika kwanza kutoka vyombo vya habari. Shirika la habari la Associated Press limekuwa likijumlisha kura hizo tangu mwaka 1848. Uthibitisho rasmi huja wiki kadhaa baadaye.

Je, wajua kwamba anayepata kura nyingi za wananchi anaweza kushindwa? Rais huchaguliwa kwa kura za wajumbe 538 wanaogawanywa kwa majimbo, na anayefikisha 270 ndiye mshindi. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa kura za wananchi takriban milioni 2.9, na Trump akaapishwa. Mwaka 2000 urais mzima uliishia Florida, ambako takriban watu milioni 6 walikuwa wamepiga kura. George W. Bush alimshinda Al Gore huko kwa kura 537.

Je, wajua kwamba North Dakota haina daftari la wapiga kura? Ililifuta mwaka 1951. Unakwenda kituoni na kitambulisho kinachoonyesha unapoishi, unapiga kura, unarudi nyumbani. Kwingineko, kwa kawaida, raia hujiandikisha mwenyewe, na akihama sharti aandikishe anwani mpya, jambo linalowapata zaidi vijana na wapangaji. Minnesota imeruhusu watu kujiandikisha siku ileile ya uchaguzi tangu miaka ya 1970, na kwa kawaida huwa miongoni mwa majimbo yanayoongoza kwa watu kujitokeza. Oregon ilianza mwaka 2016 kuwaandikisha raia moja kwa moja wanapokwenda kushughulikia leseni ya udereva. Wapo wanaosema Mmarekani asiyepiga kura ni mvivu au hajali. Wengine hawajali kweli, lakini ukitazama jimbo moja baada ya jingine utaona jinsi kanuni zinavyoamua nani afike kwenye sanduku na nani achokee njiani.

Je, wajua kwamba mwaka 2020, ambao watu walijitokeza kwa wingi usioonekana kwa zaidi ya karne, bado takriban theluthi moja ya wenye haki ya kupiga kura hawakupiga? Na huo ni uchaguzi wa rais. Katika uchaguzi wa katikati ya muhula mwaka 2014 walijitokeza takriban asilimia 36 tu. Rekodi bado ni ya mwaka 1876, karibu asilimia 82, lakini wanawake hawakuhesabiwa kabisa, na wanaume Weusi wa Kusini walikwenda vituoni wakiwa na vitisho vya bunduki mgongoni.

Je, wajua kwamba kura ya siri si mali ya asili ya Marekani? Katika karne ya 19 vyama vilichapa karatasi vyenyewe, mara nyingi kwa rangi ya kutambulika kwa mbali, kwa hiyo tajiri alijua kibarua wake amempa nani. Massachusetts ilikuwa jimbo la kwanza kuiga utaratibu wa Australia, mwaka 1888.

Je, wajua kwamba Louisiana ilikuwa na wapiga kura Weusi zaidi ya 130,000 kwenye daftari mwaka 1896, na mwaka 1904 wakabaki 1,342? Hawakufa wala hawakuhama. Jimbo liliandika katiba mpya mwaka 1898 iliyodai mtu ajue kusoma au awe na mali, kisha ikamsamehe yeyote ambaye baba au babu yake alikuwa na haki ya kupiga kura kabla ya Januari 1, 1867. Babu za Weusi wengi walikuwa watumwa. Majimbo mengine ya Kusini yalitoza pia kodi ya kichwa, jina ambalo wazee wetu walilijua vizuri enzi za mkoloni. Kule asiyelipa hakupiga kura. Marekebisho ya 24 ya Katiba yaliifuta kwa chaguzi za kitaifa mwaka 1964.

Hapa lazima nimtaje Fannie Lou Hamer, maana naona historia hii yote imepita juu ya mwili wake. Alikuwa mkulima Mweusi katika shamba la pamba la mtu mwingine huko Mississippi, na alikuwa na umri wa miaka 44 alipojua kwamba watu kama yeye wana haki ya kupiga kura. Agosti 31, 1962 alipanda basi na wenzake hadi mji wa Indianola kujiandikisha. Karani akampa kifungu cha katiba ya jimbo akieleze, akakwama. Aliporudi, mwenye shamba alimtaka aondoe jina au aondoke. Akaondoka usiku uleule. Mwaka uliofuata alipigwa katika jela ya Winona, akabaki na majeraha ya kudumu. Mwaka 1964 alisimulia yote hayo mbele ya kamati ya chama cha Democratic mjini Atlantic City, kamera zikiwa wazi. Rais Lyndon Johnson aliita waandishi wa habari ghafla ili runinga zimwache mama huyo. Ziligeuka, lakini jioni zikaurusha ushahidi wake kwa taifa zima. Johnson huyohuyo alitia saini Sheria ya Haki za Kupiga Kura Agosti 1965. Mwaka huo, kati ya Weusi wa Mississippi wenye umri wa kupiga kura, walioandikishwa walikuwa asilimia 6.7. Miaka miwili baadaye walikaribia asilimia 60.

Je, wajua kwamba wingi wa watu hauokoi uchunguzi mbovu wa maoni? Mwaka 1936 jarida la Literary Digest lilituma kadi takriban milioni 10, likapata majibu zaidi ya milioni 2, likatabiri ushindi wa Alf Landon katika uchaguzi wa rais. Majina mengi lilikuwa limeyatoa kwenye orodha za wenye simu na magari, wakati wa dhiki kuu ya uchumi. Franklin Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. George Gallup, aliyehoji watu wachache zaidi lakini waliochaguliwa kwa uangalifu, alikuwa amempa Roosevelt ushindi.

Je, wajua kwamba mwaka 1958 takriban robo tatu ya Wamarekani walisema wanaiamini serikali yao kuu? Katika miaka ya karibuni wamekuwa takriban mmoja kati ya watano.

Je, wajua kwamba Zohran Mamdani, aliyechaguliwa kuwa meya wa New York Novemba 2025, alizaliwa Kampala? Zaidi ya watu milioni 2 walipiga kura, idadi ambayo uchaguzi wa meya wa jiji hilo haukuwa umeifikia tangu mwaka 1969.

Je, wajua kwamba kiti kimoja cha bunge la Virginia kiliwahi kuamuliwa kwa bakuli? Mwaka 2017 wagombea wawili walifungana kwa kura 11,608 kila mmoja. Januari 2018 majina yao yaliwekwa bakulini, likachomolewa la David Yancey, na chama chake cha Republican kikabaki na wingi wa viti 51 kwa 49.

Je, wajua kwamba Mmarekani aliye angani anaweza kupiga kura? Texas ilipitisha sheria hiyo mwaka 1997, na mwanaanga David Wolf akawa wa kwanza, akiwa kwenye kituo cha anga cha Mir. Lakini raia anayeishi Puerto Rico hamchagui rais. Wapuerto Rico wamekuwa raia wa Marekani tangu mwaka 1917, wameandikishwa jeshini na kufa katika vita vyake, na kisiwani wako zaidi ya milioni 3. Mmoja wao akihamia Orlando, Florida, anapata kura ya rais. Akirudi kuishi San Juan kumuuguza mama yake, anaipoteza.